Mpaka Alama Ipotee

Tulikuwa wawili kwa bika moja,
mimi na Mwantumu, meza ya dirishani,
shule ya kata, upande wa Makorora,
bati likituchoma utosi tangu saa tatu.

Chini ya bika, karatasi.
Kwenye karatasi, X ya wino mweusi.
Mimi namimina asidi, yeye anashika saa,
saa ya mkononi ya Shekiondo, fundi wa maabara,
isiyo na mkanda.
Kazi ni kuchungulia kwa juu
na kupiga kelele alama ikipotea.

Maji yalianza maangavu.
Kisha tui jepesi.
Kisha tui la kwanza,
na harufu ya kiberiti ikatupanda puani.
"Tayari!" akasema Mwantumu.
"Bado," nikasema. "Mimi bado naiona."

Sitini na mbili, yeye.
Sitini na nane, mimi.
Shekiondo akaziandika zote ubaoni:
huyu ana haraka, huyu ana imani,
na kemia haina faida na mmoja wenu.

Tukapasha moto. Digrii kumi: thelathini na moja.
Kumi nyingine: kumi na tano,
hata kubishana hatukuwahi.
Chembe zikipata joto, alisema, hukimbia,
na zinazokimbia hugongana kwa kishindo.
Tukazimua kwa maji, na saa ikachoka kungoja.
Nendeni Mgandini, alisema, mkesha wa Idi:
hamtapiga hatua tatu bila kukanyagwa.
Rudini Jumatatu alasiri,
muuza nyanya kalala, na nzi wake kalala.

Jiwe zima la Maweni
lilinung'unika tu ndani ya asidi, kama mtu aliyeamshwa.
Tulipolitwanga likawa unga
lilifoka, likapanda, likamwagika,
likatoboa sketi ya Mwantumu
tundu la ukubwa wa ushanga.
Akaivaa hivyo hivyo mpaka mtihani.

Na siku ya betri kuukuu ya tochi:
Shekiondo aliipasua, akatoa masizi yake,
akayanyunyiza kwenye dawa ya vidonda,
povu likafika kwenye daftari.
Tukayachuja, tukayaanika, tukayapima.
Uzito uleule.
Kichocheo, kitabu kilisema, huharakisha wengine
nacho hakipungui.
Juzi nimemwona benki, foleni ya pensheni.
Koti lilelile. Ndani yake
nafasi ya mtu mwingine.

Mimi sasa naoka mikate, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Mwezi wa pili donge huumuka
sijamaliza kukosha sufuria.
Mwezi wa saba nalifunika kanga mbili,
na bado linanuna.
Sihitaji saa. Nalibonyeza kwa kidole,
naona linavyorudi.

Mwantumu yuko Mikanjuni.
Nauli ya kwenda haifiki bei ya mkate.
Hatukugombana. Laiti tungegombana:
moto ungetupa sekunde za kuhesabu.
Yetu ilikuwa ya maji baridi, iliyozimuliwa:
salamu ya kila Idi, kisha ya Idi moja,
kisha picha ya mtoto
nisiyemjua jina, na nikaona haya kuuliza.
Hakuna aliyeshika saa.
Hakuna aliyesema tayari.

Nakumbuka jaribio la mwisho.
Kengele imelia, wenzetu wametoka,
maji kwenye bika ni maziwa matupu.
Mwantumu akaliinua akamwage,
na chini yake, juu ya karatasi iliyolowa pembeni,
X, nyeusi, palepale.
Tulisimama tukiitazama kama wajinga.
Kumbe haikuwa imeenda popote.
"Haya," akaniambia, "sema tena lile neno lako."

Bado.