Dakika Tisa, Barabara ya Kirinyaga

Juu ya duka la vipuri, ghorofa ya pili,
ngazi zinanuka grisi na mpira wa tairi.
Barasa ameketi mlangoni na kopo la biskuti lililojaa noti:
mia tatu kila kichwa, wanamuziki bure,
na kila anayepita anagongwa muhuri kwenye kifundo cha mkono:
IMEPOKELEWA.
Muhuri wa shamba la maua alikofutwa kazi mwaka juzi.
Hakuurudisha. Wewe ungeurudisha?

Ni Julai. Baridi imetukusanya kuliko tangazo.
Tuko sitini, sabini ukihesabu walio kwenye ngazi,
buti za Gikomba zilizopakwa rangi upya,
na mimi pembeni, nyuma ya meza ya kukunja
tuliyoiazima kanisani kwa kina Nyaboke.
Chini yake kumeandikwa kwa rangi nyeupe:
KWAYA. USIONDOE.

Kazi yangu iko katikati.
Bendi ikishuka, nawasha. Bendi ikipanda, nazima.
Mimi ni chumvi: hukumbukwa nikikosekana.

Leo ni zamu ya Mabati Mapya.
Mutheu anaimba macho yamefumba,
kama anayepapasa ufunguo gizani,
wimbo wa mwenye nyumba aliyeng'oa mlango kwa ajili ya kodi.
Lemayian anazipiga ngoma kama zinamdai.
Wa mbele wanaruka, wa nyuma tunatikisa vichwa tu.
Tunajuana: huyu mhasibu, yule anauza simu Luthuli,
na yule mrefu hunisalimia kila mwezi, miaka minne sasa,
sijui jina lake, na nimechelewa mno kuuliza.

Ubeti wa tatu, katikati ya neno, tang!
Uzi wa gitaa la Odera. Hana wa akiba.
Ananiinulia vidole kumi, anakunja kimoja,
anateremka ngazi mbio.
Jozi sabini za macho zinageukia meza ya kwaya.

Nilikuwa nimepanga vyangu: magitaa ya mvumo,
vijana wa mbali wenye huzuni safi, iliyopigwa pasi.
Mkono ukakataa.
Ukazama hadi chini ya sanduku, kwenye santuri ndogo
ya baba mdogo, aliyekuwa fundi wa redio River Road,
karatasi yake imeliwa na mende, jina la bendi limebaki nusu.

Nikashusha sindano.
Kwanza mkwaruzo, kama vitunguu vikiingia mafutani.
Kisha benga: gitaa jembamba, lina haraka,
linaitangulia besi
kama mtoto aliyetumwa dukani na kuahidiwa chenji.

Kimya. Kile cha mgeni aliyekuja harusini na chakula chake.
Halafu sauti kutoka nyuma: "Dijei! Turudishie gitaa!"
Nikainamia kipaza sauti, koo limekauka.
"Hilo ni gitaa."

Nisidanganye, ukumbi haukulipuka.
Walicheza watu wanne; mmoja ni Barasa,
aliyeliacha kopo wazi, mabega yakitetemeka
kwa namna ambayo hakujifunzia hapa.
Mhasibu alikwenda msalani.
Lakini Lemayian, bado kitini, kijiti kimoja mkononi,
akaanza kugonga ukingo wa ngoma,
akiutafuta mdundo, akiukosa, akiutafuta,
na yule mrefu akasogea, akaweka sikio karibu na spika,
akasema kitu.
Sikusikia. Nikaitikia kana kwamba nimesikia.

Odera akarudi akihema, mikono mitupu.
"Tano zinatosha," akasema.
Zikatosha, karibu.
Nikazima. Ndiyo kazi yenyewe, kujua pa kuzima.

Jumatatu, kliniki ya meno, Ngara.
Naandika majina ya wagonjwa daftarini.
Mzee mwenye shavu lililovimba anakitazama kifundo changu,
anaunganisha herufi zilizosalia kwa subira.
"Nini imepokelewa?" anauliza kwa upande mmoja wa mdomo.

Navuta mkono wa sweta.
"Keti, baba. Daktari anakuja."