Boliti ya Ndahani

Imefika Kizota na basi la usiku,
imeviringishwa kwenye fulana kuukuu,
na kijikaratasi: Dada, itazame.
Ilikatika mita elfu moja na mia mbili chini,
hakuna aliyeigusa.

Naipima mkononi. Uzito wa mtoto njiti.
Naigeuza kwenye mwanga wa mlango wa karakana.
Haina kutu.
Hilo ndilo linalonitia ubaridi.

Kutu naijua. Kutu ina adabu, hubisha hodi:
huanza na doa, hupanda wekundu wa udongo wa Kongwa,
hukwambia mwaka mzima kwamba inakuja.
Hata pampu ya kisima chetu Chigongwe,
ambayo maji yake huitia chai chumvi kabla ya sukari,
ilikohoa miezi minane ndipo ikanyamaza.

Hii haikupinda, haikuvutika.
Imekatika kama donge la chumvi ya Bahi,
na chini ya darubini punje zake
zimeachana safi, kila moja na uso wake,
kama ndugu waliokwisha gawana mirathi.

Naandika ripoti.
Waliifunga zinki ubavuni, bahari ile zinki, iiache boliti.
Zinki ikafanya kazi, ikapitiliza.
Juu ya ngozi ya chuma maji yakapasuka,
ikazaliwa haidrojeni, atomi moja moja,
ndogo kuliko kitu chochote chenye jina.
Ikapenya katikati ya punje
kama mgeni aliyeomba kulala siku moja,
ikaenda kukaa pale chuma kilipobeba zaidi.

Kinga ndiyo iliyofungua mlango.

Naifuta sentensi hiyo. Wahandisi hawapendi mafumbo.
Naandika: volti zipunguzwe;
chuma kinachofuata kisiwe kigumu hivi.

Mama hakumruhusu Ndahani kuliona hata bwawa la Hombolo.
Masika alimfungia ndani, ufunguo kwenye pindo la khanga.
Leo analala juu ya jukwaa la gesi,
na pande zote nne ni maji.

Boliti ikiwahiwa, huokwa tanurini usiku kucha,
na mgeni hutoka kimya, kama alivyoingia.

Nampigia saa nne.
Kule upepo, huku jirani anakata bati.
"Mimi niko sawa, dada," anasema,
mara moja, bila kuvuta pumzi.

Nasikiliza. Sauti yake imenyooka,
haina kutu hata kidogo.
Namwomba aseme tena.