Gonga Mara Mbili

Somoe Chitanda alijipima kwa mzani wa korosho.
Msimu umekwisha, ghala tupu, na mimi karani
nikasogeza jiwe mpaka mkono wa chuma ukatulia:
kilo hamsini na tisa. Akavua viatu.
Hamsini na nane na nusu. Akaniambia, geuka.
Nikageukia ukuta, nikasoma namba za magunia ya mwaka juzi,
nyuma yangu nguo zikianguka moja moja.
"Haya, soma." Nitasomaje nimegeuka?
Tukacheka hadi mzani ukatikisika.

Mchezo ule alituletea fundi wa kuchomelea,
mgeni aliyekuja na bomba la gesi.
Bomba lilipokamilika akaondoka,
akatuachia makoti mawili mazito kama magodoro,
mkanda mmoja wa bluu, na neno moja: gonga.
Ukibanwa, gonga mara mbili.
Anayegonga hana aibu, alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza,
aibu ni ya anayesikia asiachie.

Mkeka wetu ulikuwa magunia ya juti,
pumba za mpunga ndani, turubai juu.
Salfa haikuisha sakafuni,
tulipiga chafya katikati ya kabali.
Nilimzidi kilo ishirini, na bado
nilimgongea Somoe mara nyingi
kuliko nilivyobisha hodi kwenye nyumba za watu.

Nairobi akaleta medali. Lusaka, nyingine.
Mama yake aliipokea kwa ncha za vidole,
vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda,
akaing'ata kidogo, akauliza:
"Hii inanunuliwa wapi?"
Hakuwa anadhihaki. Alitaka bei.

Ndipo akaingia kwenye wavu,
ngumi, teke na mieleka, vyote kwa tiketi moja.
Pambano la kwanza, Dar, sekunde arobaini:
alinyoosha mikono amkumbatie mtu, kama tulivyozoea,
akakumbatia ngumi.
Alishuka stendi alfajiri, jicho limefumba.
"Kule," akasema, "kabla hujamshika mtu
sharti upite kwenye mifupa yake."

Mwaka mzima akajifunza kupigwa.
Kupiga kila mtu anajua.
La pili akashinda. La tatu, kwa kabali, raundi ya kwanza.
La nne likaezeka nyumba ya Chikongola bati jipya,
mvua ikinyesha mama hasikii redio, analalamika kwa furaha.

La tano ni lile.
Binti wa Mwanza, mgumu, mkono wake umenyooka
kati ya mapaja ya Somoe, kiwiko kinatazama juu.
Somoe akasubiri kofi mbili.
Watu wanapiga kelele, mwamuzi yuko upande wa pili,
na yule binti anamtazama, hagongi.
Somoe akaongeza kidogo. Kidogo tu.

Ka.

Huku kwetu mlio ule tunaufahamu,
ni wa korosho iliyobanguliwa vizuri, punje nzima.
Mama yake aliusikia kwenye simu ya jirani,
akaweka kifaa chake chini, siku mbili hakubangua.

"Nilisubiri," Somoe aliniambia. "Wewe ungegonga."
Nikasema ningegonga tangu juzi.
Hakucheka.

Akapigana mengine matatu: mawili ushindi,
moja sitaki kulieleza.
Siku hizi, Machi mpaka Septemba,
watoto wanajaa ghalani kwangu na chafya zao.
Hawafundishi kukaba. Wiki tatu nzima ni kugonga:
kwenye turubai, kwenye bega la mwenzako,
kwa mguu kama mikono imefungwa.
Yupo mmoja, Nambunga, miaka tisa, hataki kabisa.
Anauma midomo, machozi yanamtoka, hagongi.
Huyo Somoe anamwachia mapema,
halafu anakwenda nje kusimama peke yake.

Jana jioni amekuja, watoto wameshaondoka.
Akapanda mzani bila kusema kitu.
Kilo sitini na moja.
Akavua viatu.
Sikumuuliza anapimia nini.
Niligeukia ukuta.