Miligramu Tano

Mwaka wa saba sasa, kila asubuhi,
kabla upepo wa Mpunguzi haujaamka na vumbi lake,
nakikamua kidonge kutoka kwenye karatasi ya fedha.
Cheupe. Hakizidi punje ya mahindi.
Kwanza uji wa uwele, ndipo dawa,
maana tumbo tupu hukigeuza kaa la moto.

Kabla yake vidole vyangu vilikuwa ngumi.
Ndahani ndiye aliyenifunga vifungo vya blauzi
akitazama pembeni, kama anayehesabu hela za mwenzake.
Leo nashika mkasi, napogoa mistari miwili ya zabibu kwa siku.
Sitakisengenya kidonge kilichonirudishia mikono.

Ila.

Kanisani wananiambia, Mbeleje, umenawiri!
Niwaambieje kuwa mashavu haya si yangu,
nimekopeshwa, na riba inakatwa kwingine,
mfupani, gizani, asikokuwepo wa kunihesabia?
Mwiba mdogo tu, na ngozi ya mkono inafunguka
kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta.

Daktari Kasuga anasema dozi ni ndogo.
Nikamuuliza: ndogo kwa siku moja,
au ndogo mara siku elfu mbili na mia tano?
Akavua miwani, akaifuta, akaandika:
sukari, presha, macho.
Kipimo cha mifupa ni mpaka mjini, na foleni yake.
"Usiache ghafla," akasema. Mara tatu alisema.

Hakujua kwamba niliwahi kuacha.
Pasaka ya mwaka juzi, kwa siri, kwa kiburi.
Siku ya nne Ndahani alinikuta sakafuni kando ya ndoo,
sina hata nguvu ya kuliita jina lake.
Mwili ulikuwa umesahau kujitengenezea
kile ulichozoea kuletewa,
kama mtaa uliofukia kisima siku bomba lilipofika.

Basi tumekubaliana, mimi na daktari, kushuka polepole:
siku moja kizima, siku moja nusu,
na nikiona kizunguzungu nirudi, nisione haya.

Leo ni siku ya nusu.
Nimekilaza kwenye kibao, kisu cha mboga juu ya mstari wake,
kikapasuka vibaya, upande mmoja mkubwa.
Nimesimama nikivitazama vile vipande viwili
mpaka jogoo wa Mama Chiduo akachoka kuwika.

Nikachukua kile kidogo.
Kisha nikaulamba unga uliobaki kwenye kisu,
mchungu,
wote.