Unywele Mmoja

Aliingia saluni Jumatano alasiri
kwa mlango wa nyuma, kama mwenye deni.
"Fumua zote," akasema.
Rasta za juzi tu, elfu arobaini, bado zinameta!
"Zote, Mwanahawa. Na rangi ya kucha uitoe."

Najua kwa nini wanawake hubadili nywele:
harusi, msiba, mume mpya, mume karudi.
Hii sikuijua.
Akanieleza huku nafumua, kwa sauti ya chini,
maana kwenye mashine ameketi Mama Jeska
ambaye husikia hata kwa visigino.

Siku zake zimekwisha. Kahesabu saba safi.
Usiku huu ni zamu ya maji,
si ya bomba, si ya ndoo:
maji yasiyotekwa na mkono wa mtu.
Mama yake, kule Arusha, alikuwa na birika la mvua
chini ya sakafu ya stoo.
Yeye hapa Upanga kapewa bahari nzima
na hana hata mwanamke mmoja wa kwao wa kumtazamia.
"Kwa macho yako Mungu atanisamehe," akasema.
"Kwa unywele, sijui."

Pasiwe na kitu kati ya ngozi na maji.
Si uzi. Si unga wa mkate chini ya ukucha.
Nikacheka. Hilo mbona nalijua?
Bibi yangu alinirudisha bafuni mara mbili
kwa rangi iliyobaki kidole cha mguu.

Tukavuka Kigamboni, pantoni ya saa mbili,
yeye na kanga zangu, mimi na tochi ya simu.
Mjimwema, mbali na baa na spika zake.
Maji yamejaa.
"Kazi yako moja: tazama kichwa.
Nikizama, usibaki unywele unaoelea.
Ukibaki, sema. Usinionee haya."

Akazama.
"Umebaki!" nikapiga kelele. "Mmoja, kushoto!"
Akaibuka anakohoa, anacheka, chumvi puani.
Akazama tena.
Nyeusi juu ya nyeusi, na mwanga wangu unatetemeka.
Bahari ikafunga.
Hapakuwa na Simha. Hapakuwa na mtu hata siku moja.

Kisha kichwa, na pumzi, na maneno.
La kwanza, *baruku*, nikalitambua
kama unavyomtambua binamu wa mtu kwa pua.

Alitaka kunilipa. Nikamwambia anunue mafuta ya nywele.
Akakimbilia kwa mumewe, shingo bado mbichi.

Nami nikafika nyumbani, nikaoga.
Sikuwa na sababu.
Wangu amelala Kisutu, mwaka wa tatu huu.
Nikainamisha kichwa ndani ya beseni, chote,
nikakibana pale hadi masikio yakavuma,
nikatoka, nikauliza ukuta:
Umebaki?