Yatokanayo

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu na robo, Ibra.
Kiyoyozi kinakohoa juu ya picha ya ngome
na mimi, karani, nahesabu vichwa.
Akidi ni saba. Tuko sita.
Muhanna yuko msalani, lakini bakora yake iko kitini:
tunaihesabu.

Mwenyekiti Zahran anafungua kwa bismillahi
na kwa miwani ya mkewe; yake kaisahau Maskati.
Muhtasari wa mwezi jana unasomwa,
hausikilizwi ila na aliyeuandika.
Unathibitishwa. Mikono inanyanyuka
kama ya watoto wanaoomba kutoka nje.

Mfereji wa falaji umebomoka nyuma ya msikiti wa juu,
maji yanapotelea shambani kwa mtu
ambaye, wallahi, hakujua.
Mitende yake ndiyo iliyojua.

Punda. Kumi na wawili, hawana mwenyewe,
usiku wanalala barabarani, lami ina joto.
Sulayyim anataka wapelekwe wilaya ya jirani.
Tunasoma barua ya wilaya ya jirani:
wanashukuru kwamba tumewapokea.

Soko la Jumatano, la wanawake. Ada ya meza
iongezwe baisa mia tano.
Bi Ghadna, anayeweza kumaliza mwaka hajasema, anasema:
"Kuna mtu pale anauza sindano na uzi.
Mia tano ni sindano ngapi?"
Hakuna ajuaye bei ya sindano.
Hoja inaahirishwa.

Rafiqul anapita na buli la kahawa.
Asiyetaka tena anatikisa kikombe: basi.

Naandika Kiarabu, kulia kwenda kushoto.
Pembeni, kwa penseli, naandika Kiswahili,
lugha niliyojifunzia kuhesabu majora ya kanga
dukani kwa baba, Buyenzi.
Kwa wino: Mjumbe ameeleza wasiwasi wake.
Kwa penseli: kapiga meza, tende zimeruka.

Kisha nambari kumi na moja.
Suwedi bin Nasib, mstaafu wa bohari ya umeme,
anaomba kiti cha saruji ukutani, njia ya zahanati,
wazee wapate pa kuweka magoti.
Barua aliileta mwenyewe. Kiarabu cha kuungaunga,
na neno moja lilimshinda, akaliacha lilivyo:
baraza.
Nikamwambia, mzee, baraza ndio sisi.
Alicheka mpaka akashika mlango.
"Basi liambie baraza nataka baraza.
Lile hukaliwa na watu,
hili lenu hukalia barua."

Mwezi wa kwanza: alete nakala ya kitambulisho.
Wa pili: alete ramani.
Wa tatu: ukuta ni wa afya au wa barabara?
Wa nne akidi haikutimia (bakora ilibaki nyumbani).
Wa tano Ramadhani.
Wa sita mhandisi alikwenda Salala kwenye manyunyu.

Leo kila karatasi ipo.
Kuna pingamizi? Hakuna.
Muhanna, karudi, anasema iwe mita tatu
na kivuli cha bati, jua la huku halina adabu.
Limepita. Dakika moja na nusu.

Sikunyanyua kichwa.
Alhamisi nilikuwa matangani kwake.
Bintiye alikuwa akigawa nguo: kanzu nne,
redio, na faili la kijani lenye nakala za kitambulisho,
nakala nyingi, kwa tahadhari.

Kanuni inasema mwombaji akifariki, ombi hufungwa.
Kifungu cha tisa. Nilikipiga chapa mimi.

Kalamu iko mkono huu, penseli mkono huu.
Ng'ambo ya meza Bi Ghadna ananitazama;
naye alikuwa matangani, tulikaa mkeka mmoja.
Hasemi kitu. Anachukua kikombe chake, kitupu tangu saa nne,
anakitikisa taratibu.

Nikaandika kwa wino:
Limepitishwa. Mwombaji: mkazi wa mtaa.

Mengineyo.
Nguzo ya kumi na nne haina taa.
Punda, tena.
Kikao kijacho Jumatatu ya kwanza, inshallah.
Wanasimama, viti vinakwaruza,
na Muhanna anazunguka chumba kizima
akiuliza nani kaiona bakora yake.