Sura ya Kaunta ya Tatu

Benki ya Mtaa wa Banda wameweka sura
kwenye kioo, pale alipokuwa akikaa Mumbua.
"Karibu sana," inasema,
na Kiswahili chake hakina kosa,
na hilo ndilo kosa la kwanza.

Inapepesa macho. Nahesabu:
moja, mbili, tatu, nne, inapepesa.
Meno yanacheka, macho hayajaambiwa.
Mwanasesere wa binti yangu, wa gunia na vifungo,
hajawahi kunitisha. Hajidai.
Huyu amebakiza uzi mmoja tu awe mtu,
na kwenye uzi huo baridi inapita.

Ndipo nikamkumbuka baba, Julai ile, mochari.
Walimpaka poda, wakamnyoa vizuri
kuliko alivyojinyoa maisha yake yote.
Shangazi Kwamboka akamwinamia,
akarudi nyuma hatua moja:
"Mmemfananisha mno. Nani huyu?"

"Nikusaidie vipi?" kioo kinarudia.
Foleni inakohoa mgongoni.
Nataja jina langu polepole,
kama mtu anayebisha hodi
nyumba asiyojua
kama ina mwenyewe.